Viti 18 Bila ya Wengi

Hakuna habari ya Visiwani inayochelewa kufika Kariakoo. Jina la waziri likitangazwa Unguja asubuhi, kabla ya adhuhuri limekwisha pimwa, limesifiwa na limelaumiwa katika vibaraza vya Mtaa wa Kongo, Msimbazi na Sikukuu, mbele ya maduka ya vitambaa, vyombo na vipuri ambayo mengi yake yanashikwa na ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Jambo hili ni jema, kwani watu wanaoijadili serikali hawako mbali na kuisimamia. Lakini kwa muda mrefu sasa tumeona kwamba majadiliano hayo yanaishia mahali pamoja tu: nani kapata na nani kakosa, chama gani kimepewa wizara ngapi, na Pemba imetoa mawaziri wangapi. Ni wachache wanaouliza serikali ya mseto ni kitu gani hasa, na kwa nini ile ya kwanza kuundwa katika Visiwa hivyo ilianguka siku 33 tu baada ya kupandisha bendera yake.

Swali hilo si la wanahistoria peke yao. Linawahusu maofisa wanaoandika na kutekeleza amri za serikali, na linawahusu wananchi ambao kila baada ya uchaguzi huambiwa wasubiri kuona kama vyama vitakaa pamoja au la. Linakihusu pia Chama chetu, ambacho mmoja wa wazazi wake wawili, yaani Afro-Shirazi Party, ndicho kilichoonja uchungu wa mseto ule wa kwanza. Mtu aliyewahi kufungiwa mlango nje anapaswa kujua zaidi kuliko wengine namna mlango unavyofungwa.

Vijana wengi wanadhani kwamba mseto uliletwa Zanzibar mwaka 2010. Sivyo. Katika uchaguzi wa Januari 1961 ASP ilipata viti 10, Zanzibar Nationalist Party, iliyojulikana kwa watu kwa jina la Hizbu, ilipata viti 9, na Zanzibar and Pemba People's Party, chama cha Sheikh Mohammed Shamte, kilipata viti 3. Kiti cha Chake Chake kilikwenda kwa ASP kwa tofauti ya kura moja. ZPPP ilijikuta imeshika mizani mkononi, lakini mkono wenyewe ukatetemeka: wajumbe wake wawili wakaelekea Hizbu na mmoja akaelekea ASP. Mizani ikasimama 11 kwa 11, na nchi ikakaa chini ya serikali ya muda mpaka watu walipoitwa tena kupiga kura mwezi Juni.

Safari ya pili jimbo moja lilikuwa limeongezwa, na Hizbu na ZPPP walikuwa wamekwisha patana kutoshindana wao kwa wao. Matokeo yakawa ASP viti 10, Hizbu viti 10, ZPPP viti 3. Viti 13 vikaungana, na Sheikh Shamte akawa Waziri Kiongozi. ASP, iliyokuwa imepata karibu nusu ya kura zote, ikakaa upande wa upinzani bila ya sehemu yoyote katika baraza la mawaziri. Siku zile za uchaguzi zilizuka ghasia na watu 68 wakauawa, wengi wao wakiwa wenye asili ya Kiarabu. Tunalitaja hilo bila ya kulificha, kwa sababu waliouawa hawakuwa mawaziri wala wenye mashamba makubwa peke yao. Walikuwamo watu wadogo ambao kosa lao lilikuwa kuonekana kuwa wa upande fulani. Nchi iliyozika watu 68 kwa ajili ya uchaguzi mmoja ilikuwa imekwisha onywa.

Onyo halikusikilizwa. Julai 1963, baada ya Visiwa kupata serikali ya ndani tarehe 24 Juni, ukafanyika uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru, nao ulikuwa wa viti 31. Hapa tunamwomba msomaji atazame hesabu kwa makini, kwani ndani yake mna kiini cha maneno yetu. ASP ilipata kura 87,085 na viti 13. Hizbu ilipata kura 47,950 na viti 12. ZPPP ilipata kura 25,609 na viti 6. Vyama viwili vya mseto vilikuwa na kura 73,559 kwa jumla, na viti 18. Kwa maneno mengine, kila kiti cha ASP kilisimama juu ya kura kama 6,700, na kila kiti cha mseto juu ya kura zipatazo 4,090 tu. Waliopigiwa kura na zaidi ya asilimia 54 ya wananchi walikaa nje, na waliobaki nyuma kwa kura 13,526 wakaunda serikali iliyopokea uhuru mikononi mwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963.

Jambo hilo lilitokeaje? Halikuhitaji wizi wa masanduku. Kura za ASP zilikuwa zimejazana nje ya Mji Mkongwe, Ng'ambo, na katika maeneo ya mashamba ya Unguja, ambako chama hicho kilishinda kwa maelfu yasiyokuwa na kazi tena baada ya kiti kupatikana. Wenzao walishinda kwa tofauti ndogo katika majimbo mengi, hasa Pemba, na tena kwa kuachiana nafasi. Sheria ya uchaguzi waliyoiacha Waingereza ilikuwa ikihesabu majimbo, haikuhesabu watu. Kwa sheria hiyo serikali ya Sheikh Shamte ilikuwa halali, na wapo mpaka leo wanaoshikilia uhalali huo kama hoja ya kumaliza mazungumzo.

Sisi hatuoni haja ya kuukana uhalali huo wa karatasi. Tunasema kwamba haukutosha. Serikali yenye wingi wa viti na uchache wa watu inayo njia moja tu ya kuishi, nayo ni kutambua upungufu wake na kuwaingiza ndani wale walioachwa nje na hesabu. Serikali ile ilifanya kinyume. Ilitawala kana kwamba nyumba nzima ni yake.

Tutazame baraza lake la mawaziri. Waziri Mkuu alikuwa Sheikh Shamte, mwalimu wa zamani kutoka Pemba, kiongozi wa chama chenye viti 6 kati ya 31. Chama kikubwa zaidi katika mseto kilikuwa Hizbu, na mtu mwenye nguvu kubwa zaidi katika Hizbu alikuwa Sheikh Ali Muhsin, aliyeshika mambo ya nchi za nje. Hazina ilikuwa kwa Bwana Juma Aley. Kwa hiyo kichwa kilikuwa cha chama kidogo na mikono ilikuwa ya chama kikubwa, na wananchi walilijua hilo kama wanavyojua nani mwenye duka na nani aliyekaa kwenye meza ya kupokelea fedha. Cheo cha Waziri Mkuu kilikuwa mahari ya ndoa ya vyama viwili. Ndoa hiyo haikumshirikisha mtu wa tatu, ingawa mtu huyo wa tatu ndiye aliyekuwa na zaidi ya nusu ya watu.

Linganisha na yaliyotokea ng'ambo hii ya bahari. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU, iliyozaliwa hapa Kariakoo katika mtaa unaoitwa leo Lumumba, ilijinyakulia viti 70 kati ya 71. Haikuhitaji kumwomba mtu yeyote amani. Hata hivyo Mwalimu Nyerere alipounda baraza lake alimpa Sir Ernest Vasey Wizara ya Fedha, na akawaweka ndani Bwana Derek Bryceson na Bwana Amir Jamal, ili watu wa makundi madogo waone kwamba serikali ile ni yao pia. Aliyekuwa na kila kitu aliwaita wengine mezani, na aliyekuwa na upungufu aliwafungia wenzake mlango. Kwa sababu hiyo hiyo sisi wa Bara mara nyingi hatuielewi siasa ya Visiwani: hatukupata kuonja katika uhai wetu uchaguzi uliotugawa nusu kwa nusu, na tunadhani kwamba ubishi wa ndugu zetu ni tabia yao, kumbe ni hesabu yao.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la askari polisi. Jeshi la polisi la Zanzibar lilikuwa na askari wengi waliotoka Bara, vijana walioajiriwa na wakoloni. Serikali mpya haikuwaamini, kwa kuwa iliwaona kuwa ni watu wa ASP kwa asili yao, na ikaanza kuwaondoa kazini. Waliondolewa wakaachwa mjini humo humo, hawana mshahara, hawana kazi nyingine, lakini wanajua ghala la silaha liko mlango upi na zamu hubadilishwa saa ngapi. Mtu hahitaji kusoma vitabu vya siasa kuona hatari ya jambo hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 waliovamia vituo vya Ziwani na Mtoni walikuta ulinzi uliokwisha dhoofishwa na serikali yenyewe.

Wakati huo huo mseto ulikuwa umepoteza hata vijana wake. Ndugu Abdulrahman Babu, aliyeijenga Hizbu kwa miaka mingi, alitoka katikati ya mwaka 1963 na kuanzisha chama cha Umma. Mwanzoni mwa Januari 1964 serikali ikakipiga marufuku. Hivyo ndivyo baraza lile lilivyozidi kupungua: nje ASP, nje Umma, nje askari, nje makuli wa bandarini na wakazi wa Ng'ambo. Lilipowaomba Waingereza msaada wa kijeshi halikuupata. Likabaki lenyewe na viti vyake 18.

Mapinduzi yaliwarudisha wengi ndani ya nyumba yao, nasi hatuoni aibu kusema hivyo. Lakini hatutakuwa wakweli kama tutasimulia kana kwamba siku ile ilileta furaha tu. Damu nyingi ilimwagika, ikiwamo ya watu wasiokuwa na hatia, na wapo waliokimbia nchi yao wasirudi. Tena baada ya hapo Visiwa vilikaa mpaka mwaka 1980 ndipo wananchi wakachagua wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Mapinduzi yaliiondoa serikali ya wachache. Swali lililoiua serikali ile, yaani nusu hii ya nchi itaishi vipi na nusu ile, halikujibiwa. Liliwekwa kabatini, na mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, kabati lilifunguliwa na swali likakutwa zima kabisa.

Oktoba 1995 Dkt. Salmin Amour wa Chama chetu alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Tusomeni tena tarakimu hizo. Mizani ilikuwa imerudi pale pale ilipokuwa mwaka 1961, ila safari hii sisi ndio tuliokuwa ndani. Je, tulifanya nini? Baraza zima la mawaziri likawa la Chama kimoja. Ukafuata muafaka wa Juni 1999 ambao haukutekelezwa, yakafuata mauaji ya Januari 2001, na zaidi ya watu elfu mbili wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, kuomba hifadhi. Ndipo Tanzania, nchi iliyokuwa ikijisifu kupokea wakimbizi, ikawa na wakimbizi wake yenyewe. Muafaka wa pili ulitiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001. Katika miaka ile ndipo familia nyingi za Kipemba zilipokuja kuanza maisha hapa Dar es Salaam, na Kariakoo ya leo haiwezi kuelezwa bila ya kuwataja.

Ilichukua mpaka tarehe 5 Novemba 2009 ndipo Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walipokutana uso kwa uso na kuamua kwamba yatosha. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa. Chama kinachoshika nafasi ya pili katika kura za urais, kikipata asilimia 10 au zaidi, hutoa Makamu wa Kwanza wa Rais; Makamu wa Pili hutoka katika chama cha Rais na ndiye anayeongoza shughuli za serikali katika Baraza la Wawakilishi; na mawaziri hugawanywa kwa uwiano wa viti vya majimbo. Oktoba mwaka huo Dkt. Ali Mohamed Shein alipata kura 179,809 na Maalim Seif 176,338. Tofauti ilikuwa kura 3,471, idadi ambayo Ijumaa moja hujaa katika misikiti michache ya mitaa yetu hii. Hakuuawa mtu kwa ajili ya kura hizo. Walioshindwa waliingia serikalini, na watu wakarudi madukani kwao.

Wale wanaodai kwamba mseto ni mzigo wa magari na mishahara wanasahau gharama ya kutokuwa nao. Wanasahau pia kwamba mawaziri waliotoka upinzani hawakuwa mapambo. Ndugu Abubakar Khamis Bakary alishika sheria na katiba, Ndugu Juma Duni Haji alipewa afya, na Ndugu Hamad Masoud Hamad miundombinu na mawasiliano. Huyu wa mwisho anastahili maneno zaidi. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit, iliyong'oa nanga hapa bandarini Dar es Salaam, ilizama karibu na Chumbe, na misiba ikaingia katika nyumba za mji huu kama ilivyoingia katika za Unguja. Waziri huyo hakuwa nahodha wala mkaguzi wa meli. Alijiuzulu. Katika nchi ambayo wakubwa huwa na tabia ya kuunda tume na kusubiri watu wasahau, kiongozi wa chama cha upinzani ndani ya serikali ya mseto alionyesha adabu ya madaraka ambayo wengi wetu tuliobobea katika siasa tungeweza kujifunza.

Lakini hapa ndipo tunapofika kwenye kasoro ambayo tunataka viongozi wa Serikali na wa Chama waitazame bila ya hasira. Mseto wa 2010 uliishia mezani kwa waziri. Chini ya meza hiyo haukushuka. Wakuu wa Mikoa na wa Wilaya waliteuliwa kama zamani, na sheha, ambaye kwa mkulima wa Micheweni au mvuvi wa Nungwi ndiye serikali yenyewe, aliendelea kuteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Mwananchi hakutani na waziri hata mara moja katika maisha yake, lakini hukutana na sheha kila anapotaka barua. Bila ya barua ya sheha hapati kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na bila ya kitambulisho hicho haandikishwi kupiga kura. Malalamiko ya kunyimwa barua hizo yamekuwapo katika kila uandikishaji, na hayakupungua kwa sababu tu Makamu wa Kwanza alikuwa na bendera kwenye gari lake. Kwa mwananchi wa namna hiyo mseto ulikuwa habari ya redioni.

Serikali ya 1963 iliwafukuza askari kwa kuwatilia shaka asili yao. Sheha anayemwangalia kijana usoni, akamjua baba yake ni wa chama gani, kisha akamwambia arudi wiki ijayo, anafanya jambo la ukoo ule ule kwa kiasi kidogo. Tofauti ni kwamba hili halifanywi mara moja kwa amri ya serikali, bali kidogo kidogo, kwa mikono mingi, na kila mkono unaamini kwamba unalinda Mapinduzi. Mapinduzi hayakufanywa ili mtu mwingine azuiwe kuhesabiwa. Yalifanywa kwa sababu watu 87,085 walihesabiwa vibaya.

Yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 yanajulikana. Matokeo yalifutwa tarehe 28 Oktoba, uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, na CUF haikushiriki. Kwa kuwa hakuna chama kingine kilichofikia asilimia 10, Visiwa vilikaa mpaka 2020 bila ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Dkt. Shein aliwaingiza barazani viongozi watatu wa vyama vidogo: Ndugu Hamad Rashid Mohamed wa ADC akapewa kilimo, na wawili wengine wakawa mawaziri wasiokuwa na wizara maalumu. Tunawaheshimu ndugu hao, na hatuna shaka kwamba waliitikia wito wa nchi kwa nia njema. Lakini waziri asiyekuwa na wizara, kutoka chama kisichokuwa na wapiga kura, hawezi kuwa daraja la kuwavusha walioko ng'ambo. Ni kiti kilichowekwa ili picha isionekane ya upande mmoja. Mseto wa 1963 ulikuwa na viti vingi na watu wachache. Baraza la 2016 lilikuwa na rangi nyingi za vyama huku nusu nzima ya nchi ikiwa imekaa kimya.

Maalim Seif aliingia tena serikalini tarehe 8 Desemba 2020, safari hii kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, baada ya uchaguzi ambao chama chake kiliulalamikia vikali. Wafuasi wake wengi hawakupenda. Alikubali kukaa meza moja na Rais Hussein Ali Mwinyi kwa hoja kwamba kukaa nje kungeleta misiba zaidi. Alifariki dunia hapa Dar es Salaam, katika hospitali ya Muhimbili, tarehe 17 Februari 2021, na siku iliyofuata akazikwa kwao Mtambwe. Tulimpinga kwa miaka mingi katika safu za namna hii. Hilo halituzuii kusema kwamba alielewa jambo ambalo Sheikh Shamte na wenzake hawakulielewa, na ambalo katika Chama chetu wapo wanaoona tabu kulielewa mpaka leo.

Ndani ya Chama tumesikia hoja tatu dhidi ya mseto. Ya kwanza ni kwamba aliyeshinda ameshinda, na demokrasia haimlazimishi kugawa ushindi wake. Hiyo ndiyo hoja ya mwaka 1963, neno kwa neno. Ya pili ni kwamba mpinzani akiingia serikalini huijua siri ya nyumba. Hili lingekuwa na uzito kama siri yenyewe ingekuwa ya nchi. Mara nyingi ni siri ya viwanja na mikataba, na hiyo heri ijulikane. Ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni kwamba mseto hulegeza maamuzi, kwa kuwa kila jambo hujadiliwa mara mbili. Majirani zetu wa Kenya walilipata tatizo hilo. Baada ya maafa ya uchaguzi wa 2007, Bwana Mwai Kibaki na Bwana Raila Odinga walitia saini makubaliano Februari 2008, na baraza lililoundwa Aprili lilikuwa na mawaziri zaidi ya 40. Watu waliliita serikali ya nusu mkate, na kwa kweli lilikuwa na mivutano isiyokwisha. Lakini lilizima moto, na ndilo lililowapa Wakenya katiba mpya Agosti 2010. Kujadili mara mbili si hasara kwa watu waliofundishwa tangu chuoni kwamba shura ni sehemu ya uongozi. Hasara ni kuamua mara moja, kisha kupeleka askari kutetea uamuzi.

Ndugu zetu wenye maduka hapa Kariakoo watauliza yote haya yanawahusu nini wao. Wengi wao hawapigi kura Visiwani, kwa sababu sheria ya uchaguzi ya huko inataka mtu awe amekaa jimboni kwa muda uliowekwa, nao makao yao ni Gerezani, Ilala au Magomeni. Lakini shehena zao hupita katika mikono ya serikali zote mbili. Malalamiko yao makubwa ni ya miaka mingi: bidhaa iliyokwisha lipiwa ushuru Unguja hutozwa tena tofauti ya ushuru ikishushwa bandari ya Dar es Salaam, na abiria aliyebeba televisheni moja ya nyumbani husimamishwa kama mfanyabiashara wa magendo. Jambo hilo liliingizwa katika orodha ya kero za Muungano, na lilikuwa likipelekwa vikaoni na kurudishwa. Waziri wa Zanzibar anayekwenda kulizungumza na wenzake wa Muungano huku nusu ya watu wake hawamtambui huenda akiwa na sauti nusu. Anayesimama na Unguja na Pemba nyuma yake, chama hiki na chama kile, husikilizwa kwa namna nyingine. Wenye maduka wanajua tofauti ya mnunuzi mmoja anayebembeleza na wanunuzi kumi waliokubaliana bei.

Tunaelewa kwamba kugawa vyeo vya juu ni jambo jepesi kuliko kugawa madaraka ya chini, kwa sababu vyeo vya juu hutangazwa kwa redio na vya chini huamuliwa kimya kimya. Kwa hiyo tunapendekeza kazi ianzie chini. Wakuu wa Mikoa wanaoteua masheha wafanye hivyo baada ya kuwasikiliza wazee wa shehia na wawakilishi wa vyama vyote vyenye wajumbe katika Baraza la Wawakilishi. Sheha anayemnyima mtu barua aandike sababu na kuitia saini, na mnyimwaji awe na mahali pa kukata rufaa pasipokuwa ofisi ya sheha huyo huyo. Wizara yoyote itakayopewa chama cha pili ipewe pamoja na bajeti yake na Katibu Mkuu anayemtii waziri wake, asiyepiga simu kwanza mahali pengine. Na cheo cha waziri asiyekuwa na wizara kiachwe kabisa.

Haya hayahitaji kubadilisha katiba wala kuitisha kura ya maoni nyingine. Orodha ya masheha wa Unguja na Pemba ni waraka wa serikali, wala si siri. Ianze kupitiwa, shehia moja baada ya nyingine, kabla daftari la wapiga kura halijafunguliwa tena.